Sinyati na Watoto Wasiohesabiwa

Mafundi wa gereji za mtaa wa Sakina humjua Sinyati kwa harufu kabla hawajamwona. Ni harufu ya moshi wa mzeituni pori, ule anaofukizia vibuyu vyake vya maziwa. Ikipenya katikati ya dizeli na mpira wa matairi, hata fundi aliyelala chali chini ya lori husema, "Mama Esther kafika," akajiburuta nje kutafuta kikombe chake. Chai isiyo na maziwa yake wanaiita maji ya kunawa.

Anashuka kila asubuhi kutoka kwake, juu kidogo ya barabara ya Nairobi, pale nyumba za matofali zinapoisha na mahindi yanapoanza. Akimaliza kuzunguka gereji hukaa kidogo kando ya Penina, mama Gerson, Mmeru kutoka Nkoaranga aliyeolewa mjini, anayeuza ndizi na maparachichi mbele ya duka la vipuri. Penina humpa ndizi moja mbivu, naye humwachia maziwa ya mwisho kibuyuni, na hakuna anayekumbuka mpango huo ulianza lini. Watu huwaona wakicheka wakadhani ni ndugu. Si ndugu, wala hawana lugha moja ya mama. Kicheko chao ni cha Kiswahili.

Ukitaka kujua Sinyati ni mtu wa namna gani, nenda kwake jioni wakati wa kugawa maziwa. Lesikar ana kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Cha Naisula ni cha plastiki, cha bluu. Lucky, aliye mdogo, hunywea kifuniko cha chupa ya chai, na ukimpa kikombe kingine analia. Esther, ambaye Sinyati alimzaa mwenyewe, amekwisha kuwa msichana mkubwa, kamaliza shule ya msingi, naye hujimiminia mwisho. Wale wengine ni watoto wa Ruth, mdogo wake Sinyati, lakini pale nyumbani maneno hayo hayasemwi. Wote humwita yeyo, yaani mama, na yeye huitika.

Ila hawahesabu. Kwao Waarusha mtu hanyooshi vidole akasema ana watoto kadhaa, kama vile asivyosimama zizini akahesabu ng'ombe kwa sauti. Aliyepewa hukaa kimya akashukuru. Ukimuuliza mama wa huko ana watoto wangapi atakwambia wapo, au atakutajia pungufu makusudi, kama anayefunika kaa la moto kwa majivu lisije likapulizwa na kila apitaye.

Ruth hakuwa hivyo. Ruth alikuwa na furaha isiyokaa ndani. Siku Lucky alipobatizwa alisimama mbele ya usharika mzima, akacheka, akataja kwa namba watoto ambao Mungu amempa. Wanawake wazima waliinamisha macho. Baba yao hakuwapo. Alikuwa amekwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani, na shimo likamfukia. Mwaka haukuisha, homa ya mapafu ikamchukua Ruth naye. Mchungaji alimweleza Sinyati kwa upole kwamba ile namba na kile kifo havina undugu wowote. Sinyati alimwamini mchungaji. Lakini mdomo wake haukuamini, na tangu siku ile ulizidi kukataa kuwahesabu watoto.

Mwanzoni haikuwa shida. Serikali ina ruzuku inayowasaidia wanaolea watoto katika hali ngumu, walio shuleni na wadogo wanaopelekwa kliniki. Balozi wa nyumba kumi alisimama mkutanoni akamsemea Sinyati, akaeleza habari za Ruth, jina likaandikwa. Haikuwa fedha ya kujivunia. Ilinunua sare na madaftari, ikaziba zile siku za mwisho wa mwezi ambapo unga huisha na ng'ombe naye hupunguza maziwa. Kwa Sinyati ilitosha kabisa. Kila ilipokuja alisema ashe, ahsante ya kwao, akaelekea dukani.

Kisha, katikati ya mvua za masika, akaja kijana wa serikali wa kuhakiki majina. Jina lake Gidion, mtu wa Singida, amelowa mpaka soksi, kishikwambi chake kakificha ndani ya koti kama kifaranga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia ndani, utaugua."

Esther akampa kigoda na kikombe cha chai. Lesikar na Naisula walikuwa shuleni. Lucky alikuwa amelala chumba cha pili, amejifunika shuka.

"Mama, una watoto wangapi wanaokutegemea hapa nyumbani?"

"Wapo."

"Najua wapo. Wangapi?"

"Mungu hajaninyima."

Gidion akacheka, maana hakuwa kijana mbaya. "Mama yangu, hiki kidude hakina mahali pa kuandika Mungu hajakunyima. Kinataka namba tu. Nisipoweka namba hakiniachii niende mbele."

Sinyati akamwonea huruma, vile alivyokuwa akitetemeka na nyumba nyingi bado zikimngoja. Amfukuze mtoto wa watu, ampeleke kwa balozi kwenye mvua ile? Hapana. Akamwonyesha Esther aliyekuwa akimenya viazi mlangoni. "Basi andika huyo unayemwona. Huyo anatosha."

Gidion akaandika huyo. Akashukuru kwa chai, akaondoka. Sinyati hakulifikiria tena jambo hilo. Alijua, kama kila mtu wa pale angejua, kwamba anayetaja mmoja anamaanisha nyumba imejaa.

Mvua zilipokatika, majina yakasomwa kwenye mkutano wa mtaa. Lake halikusomwa. Alipouliza aliambiwa kaya yake haina mtoto anayestahili: aliyeandikwa amemaliza shule.

Habari mbaya haikai mtaani. Kabla ya wiki kuisha Solomoni alifika kwa pikipiki kutoka ng'ambo ya mlima, upande wa magharibi kwenye malisho. Solomoni ni mdogo wa marehemu mume wa Ruth, baba mdogo wa wale watoto. Alikaa, akanywa maziwa, akauliza hali ya kila mtu mpaka ya ng'ombe, ndipo akasema lililomleta.

"Shemeji, umebeba vya kutosha. Hakuna anayekulaumu. Shule zikifungwa mwezi wa sita nitakuja kumchukua Lesikar, akanisaidie kuchunga. Kwa Naisula, yupo shangazi yangu Namanga anayetafuta wa kumsaidia nyumbani. Wewe ubaki na huyu mdogo."

"Na shule?"

Solomoni akatazama chini. "Shule ipo kila mahali, shemeji."

Wote wawili walijua kwamba kule malisho shule ipo, ila mchunga ng'ombe haioni. Sinyati hakubishana. Solomoni alikuwa na wake wengi wa kulisha na ukame wa mwaka uliopita ulikuwa umempunguzia mifugo. Alikuwa akitoa alichonacho. Lakini usiku na mchana, tangu pale, Sinyati alikuwa na jambo moja tu kichwani: watoto wa Ruth watagawanywa kama nyama.

Alipomsimulia Penina, siku hiyo hawakucheka. Yaani hawakucheka mara moja.

"Mama Esther, ngoja. Ulimwambia kijana una mtoto mmoja?"

"Nilimwambia aandike mmoja."

"Lo! Ninyi Waarusha mtaniua. Sisi Wameru tunahesabu hata ndizi ambazo mgomba bado haujazaa!" Kisha akamshika mkono. "Sikiliza. Uamuzi wa mtu unakatiwa rufaa. Kanisani kwetu walitangaza: asiyeridhika aende kwenye kamati ya malalamiko ya kata. Siyo kuomba, mama Esther. Ni haki yako kuuliza."

"Nitasema nini?"

"Utasema ukweli."

"Ukweli una namba," Sinyati akajibu, na hapo Penina ndipo alipoelewa ugumu ulipo.

Ofisini alikwenda peke yake kwanza, akarudi vibaya. Karani aliyempokea alisoma alichosoma, akamtazama juu ya miwani. "Mama, hapa ulisema mmoja. Leo unasema wapo wengine. Nikuulize: ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?" Katika maisha yake Sinyati alikuwa ameitwa maskini, ameitwa mjane, ameitwa mama maziwa. Mwongo hakuwahi kuitwa. Alisema ahsante kwa mazoea, akatoka. Siku ile mafundi walikunywa chai ya rangi.

Kesho yake Penina akapanda kilima mwenyewe, kanga kajifunga mbili, jasho likimtiririka.

"Kamati inakaa Jumanne. Nimekwisha kukuandikisha."

"Jumanne ni siku ya soko, mama Gerson. Ndizi zako?"

"Hedwiga muuza wali atanikalia."

"Hedwiga atakula nusu."

"Atakula, na mimi nitakula wali wake bure mwezi mzima. Wewe vaa ile shuka yako nzuri, tusionekane tumetoka vitani."

Jumanne ilikuwa ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, mlima haupo kabisa. Kamati ilikaa kwenye chumba chenye viti vya shule. Mwenyekiti alikuwa Evaresta, mwalimu mstaafu aliyehamia Engutoto, mama mnene mwenye sweta la kufuma na sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Gidion naye aliitwa, akakaa pembeni na kishikwambi chake. Sinyati aliwaamkia wote. Penina akakaa nyuma yake, karibu kabisa, goti lake likigusa kiti.

"Mama Sinyati," Evaresta akasema, "tumesoma malalamiko yako. Turudi mwanzo. Unao watoto wangapi unaowalea?"

Maji ya ukungu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati, to, to, to. Sinyati alifungua mdomo, akamwona Ruth amesimama mbele ya usharika akicheka, akaufunga.

"Mama?"

"Mwalimu, wapo."

Mjumbe mmoja akashusha pumzi, akatazama saa. Penina alitaka kusimama. Sinyati akamrudisha kwa mkono bila kugeuka. Kisha akasema polepole, maneno yakitoka kama mtu anayevuka mto akitafuta jiwe la kukanyaga.

"Siku ile sikudanganya na leo sidanganyi. Kwetu kumtaja mtoto kwa namba ni kumweka uchi. Mdogo wangu aliwataja wake. Nimemzika. Mchungaji amesema siyo sababu, nami namheshimu mchungaji. Lakini wale ndio walioachwa na yeye, mwalimu. Kama ni kosa langu kuwaogopea, basi nina kosa."

Gidion alikuwa ameacha kuandika. "Mwalimu," alisema, "mimi ndiye niliyeandika mmoja. Mama hakusema anaye mmoja. Alisema niandike yule ninayemwona. Sikuuliza kama kuna nisiowaona. Mvua ilikuwa nyingi."

Evaresta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. Yeye alikuwa mtu wa Rombo, lakini alikuwa amefundisha upande ule miaka mingi. Alikuwa ameita majina mengi asubuhi za baridi kama ile.

"Mama Sinyati," akasema, "majina je? Kutaja jina ni mwiko?"

"Jina si mwiko. Jina ndilo tunalomwitia aje ale."

"Basi nitajie majina. Kuhesabu niachie mimi. Nalipwa pensheni kwa kazi hiyo."

Chumba kizima kikacheka, hata yule mjumbe wa saa. Sinyati akacheka pia, na machozi yakapata njia. Akawataja. Lesikar, ambaye mwalimu wake anamsifia ramani na ambaye hawezi kupita mbele ya ndama bila kumkuna shingo. Naisula, anayeimba kwaya ya watoto na kusahau ndoo bombani kwa sababu ya kuimba. Lucky, aliyeachishwa ziwa la mama yake kabla ya wakati na ambaye yeye Sinyati kila mwezi humbeba mgongoni kwenda kliniki, kadi yake hii hapa, bado ina jina la Ruth. Alipomaliza alishika kiti kwa mikono miwili akingoja, kana kwamba bati lingeanguka. Halikuanguka. Penina alikuwa akipenga kamasi kwa kanga bila aibu.

"Tumesikia," Evaresta akasema. "Sasa lazima tuone. Siwezi kurudisha jina kwa kusikia tu, mama, wala usinione mgumu. Tutakuja nyumbani."

Walikuja Alhamisi jioni, yeye na Gidion, Penina akiwaongoza. Siku hiyo hiyo Solomoni alikuwa amefika. Shule zilikuwa zimefungwa. Pikipiki ilikuwa imesimama uani na kifurushi cha Lesikar kimekwisha kufungwa kwenye kiti cha nyuma, shuka na viatu. Lesikar mwenyewe alikuwa zizini, kaegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, hataki kutazamwa.

Evaresta aliona yote hayo kabla hajaketi. "Wewe ni nani kwao, baba?"

"Baba mdogo wao." Solomoni alisimama kwa heshima. "Nimekuja kumpunguzia shemeji mzigo. Sina ubaya, mama."

"Sijasema unao. Kaa kidogo."

Ilikuwa saa ya maziwa. Sinyati hakujua afanye nini na wageni wa serikali, akafanya anachofanya kila siku. Alikoroga chai, akaisogeza mbele yao. Evaresta akaitazama. "Mama, tukinywa chai ya mlalamikaji watu wataita hongo."

"Na msipokunywa," Penina akadakia, "wenyewe wataita dharau. Chagueni kesi."

Gidion akachukua kikombe. "Mimi ya kwangu nilikunywa zamani, siku ya mvua. Hongo imekwisha kuingia." Evaresta akanywa naye, akisema iandikwe kwamba alilazimishwa na shahidi.

Kisha Sinyati akapanga vikombe vya watoto juu ya benchi, akamimina. Lesikar akaitwa, akaja na macho mekundu, akachukua cha bati. Lucky akakumbatia kifuniko chake. Esther akajimiminia. Sinyati alipepesa macho mara moja juu ya vichwa vyao, haraka, kama mtu anayetazama hali ya hewa, akaweka kibuyu chini na kwenda mlangoni. Kwenye benchi kikombe cha bluu kilikuwa kimebaki, kimejaa, kinafuka mvuke.

"Hicho cha nani?" Evaresta akauliza.

"Naisula. Yuko bombani, anaimba." Akaita jina lile kuelekea bondeni, kwa sauti ndefu. Kutoka chini ya migomba wimbo ukakatika, sauti ikajibu, na baada ya muda msichana akatokea na ndoo kichwani, nusu ya maji imemwagika kifuani. Aliamkia wageni, akaenda moja kwa moja kwenye kikombe chake bila kuuliza ni kipi.

Gidion aliingiza jina la mwisho, akakirudisha kishikwambi ndani ya koti. Evaresta akamgeukia Solomoni.

"Baba mdogo, unaweza kuipa kamati nafasi ikae? Mpaka shule zifunguliwe tu. Kama jibu ni hapana, mtoto yupo na pikipiki ipo."

Solomoni akamtazama Lesikar, ambaye alikuwa hanywi, anashikilia tu. Akatoka nje. Waliposikia kamba ikifunguliwa kwenye kiti cha pikipiki, Sinyati aliketi chini palepale alipokuwa, kwenye udongo mbele ya wageni.

Jibu lilikuja kabla ya shule kufunguliwa. Evaresta mwenyewe aliteremka kwenye gari mbele ya duka la vipuri, akamkuta Sinyati na Penina na ndizi yao. Jina lilikuwa limerudishwa, na fedha zilizokosekana tangu masika zingelipwa pamoja. Penina alipiga kigelegele mpaka fundi mmoja akagonga kichwa chini ya lori. Sinyati alimshika mwalimu mikono yote miwili. Alitaka kusema mengi. Alisema "ashe", kisha akasema tena, na Evaresta akasema, "Yatosha, mama, hata mimi siwezi kuzihesabu zote."

Sinyati alimtafuta Gidion pia. Alimkuta stendi akielekea kata nyingine, akamwekea kibuyu kidogo mkononi. "Hongo hii ni ya kuagana," alimwambia. Kijana akakipokea kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba siku hizi akiingia nyumba za upande ule haulizi tena wangapi. Anauliza nani na nani anakuja kula.

Solomoni alikuja siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Alileta gunia la mahindi mabichi, akalishusha uani, akanywa maziwa, akauliza hali ya kila mtu mpaka ya ng'ombe. Kuhusu Lesikar hakusema neno, na Sinyati hakumuuliza. Alipoondoka alimpa mtoto fimbo yake ya kuchungia, nzuri, ya mti mweusi, ya kuchezea tu.

Jioni ile ukungu ulikuwa umeinuka na mlima ulionekana wote hadi kilele, jambo la nadra mwezi wa saba. Sinyati alimimina cha bati, cha bluu, kifuniko. Kila kimoja kilipata mikono yake. Macho yake yakapita juu ya vichwa, yakafika mwisho, yakarudi tena polepole, ingawa hakukuwa na haja.

"Yeyo," Lucky akasema, midomo myeupe, "mbona unatutazama?"

"Nashukuru."

"Kwa sababu gani?"

"Kunywa, mwanangu. Yanapoa."